Kitabu cha Pili: Mzingile Mbele ya Wahakiki Wake

Kitabu kinachofuata kitabu kingine huzaliwa na deni. Msomaji hukipokea hali kile cha kwanza kingali moyoni mwake, naye hukipima kwa pishi ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Kikifanana na kilichotangulia, husemwa kuwa kimerudia. Kikitofautiana nacho, husemwa kuwa kimepotoka. Mwandishi wake husimama mbele ya baraza lenye mashtaka mawili yanayopingana, na si ajabu akahukumiwa kwa yote mawili katika siku moja.

Insha hii yakusudia kueleza habari ya kitabu kimoja cha namna hiyo, na habari ya maoni yaliyotolewa juu yake. Kitabu chenyewe ni Mzingile, kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1991. Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika Ukerewe mwaka 1944 na kufariki dunia mwaka 2020. Mzingile kilifuata nyuma ya Nagona, kilichotoka mwaka 1990. Vyote viwili ni vitabu vyembamba, na vyote viwili vilitolewa na kiwanda kimoja cha uchapaji, yaani kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu vilipotoka, vimetajwa pamoja mara nyingi hata majina yao yamekuwa kama jina moja. Nia yangu ni kuonyesha kuwa mazoea hayo ya kuvitaja pamoja, ijapokuwa yana sababu njema, yamekinyima kitabu cha pili haki yake.

Mashtaka niliyoyataja hayakuanza kwa Mzingile. Vijana wa leo huyajua zaidi kwa njia ya michezo ya kompyuta, hasa ile ambayo mchezaji hujivika nafsi ya msafiri katika nchi ya maajabu, akakutana na wazee wenye mafumbo, mazimwi, na milango isiyofunguka ila kwa neno lake. Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa mchezo wa nne katika mfululizo wake uitwao Ultima. Katika michezo mitatu ya kwanza shujaa alikuwa na adui mkuu wa kumwangamiza. Katika ule wa nne adui huyo hayupo, na kazi ya shujaa ni kutafuta fadhila 8 na kuzitimiza katika mwenendo wake. Mchezo huo wa kufuata ulikuwa na shabaha nyingine kabisa, na sifa zake zimedumu kwa sababu hiyo hiyo. Kinyume chake, mwaka 2011 kampuni ya BioWare ilipotoa Dragon Age II, wahakiki wengi waliusifu, lakini wachezaji wengi walinung'unika kuwa mapango na majumba yale yale yalitumiwa tena na tena. Mmoja ulihesabiwa kwa ulichobadili, na mwingine kwa ulichorudia. Nimeuleta mfano huu wa mbali kwa kuwa Nagona na Mzingile pia ni hadithi za msafiri katika nchi isiyo ya kawaida, na swali linaloulizwa juu ya michezo hiyo ndilo lililopasa kuulizwa juu ya vitabu hivi: je, cha pili kimebadili nini katika safari ya cha kwanza?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tumtazame mwandishi alikotoka. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na mtu wa huko aendaye mjini hutazama upande wa Mwanza. Kezilahabi naye alivuka maji hayo akasoma katika seminari ya Nyegezi, kando ya Mwanza, kabla ya kuingia Chuo Kikuu mwaka 1967. Riwaya zake nne za awali zina harufu ya kisiwa na ziwa. Rosa Mistika (1971) ni habari ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba hata uhuru ukamwangamiza. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni, kisha kikaja kusomeshwa humo humo. Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) vilifuata, na Gamba la Nyoka (1979) kikaeleza misukosuko ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Vitabu hivyo vilisomwa na wanafunzi, makarani na walimu, kwa kuwa kila mmoja aliona humo watu anaowajua.

Mwandishi mwenyewe alilifikiria sana jambo la wasomaji hao. Mwaka 1980 alichapisha makala kwa Kiingereza juu ya riwaya ya Kiswahili na mtu wa kawaida katika Afrika Mashariki. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; humo alitaka kazi za Kiafrika zisipimwe kwa vipimo vya nadharia za Magharibi peke yake, bali zieleweke kutoka ndani ya namna ya kuwako ya watu waliozitunga. Basi yule aliyejishughulisha na mtu wa kawaida mwaka 1980, na aliyetetea kufasiri kutoka ndani mwaka 1985, ndiye aliyetoa mwaka 1990 na 1991 vitabu viwili ambavyo mtu wa kawaida hakuweza kuvishika, na ambavyo wahakiki walivifungua kwa funguo za Ulaya. Katika historia ya fasihi yetu ni machache yenye kitendawili kikubwa kama hicho.

Nagona ni safari ya mtafutaji. Msimuliaji, ambaye husema kwa nafsi yake mwenyewe, huingia mahali palipokufa na kunyamaza. Hukutana na mzee na vitabu vyake, na kupishana na wakuu wa fikra za ulimwengu. Kuna maungamo, jambo ambalo mwanafunzi wa seminari alilijua vizuri. Kuna paa anayewindwa asipatikane, ambaye wasomaji wengi wamemwona kuwa mfano wa ukweli wenyewe. Kuna ngoma kuu, na kuna tangazo la mkombozi wa pili. Mambo haya hayafuatani kwa mfuatano wa saa na siku. Hufuatana kama ndoto zifuatanavyo.

Mzingile huanza kwingine. Kitabu hufungua kwa kuzaliwa kwa Kakulu, mtoto wa ajabu ambaye kuja kwake duniani si kama kuja kwa watoto wengine. Kisha msimuliaji hupewa kazi: aende kwa mzee mmoja aishiye peke yake kibandani, mbali na watu, ampelekee habari kuwa mwanawe amekufa. Mzee huyo wasomaji humtambua kuwa ni Mungu, ila ni Mungu aliyechoka, aliyeipa dunia kisogo. Na dunia hiyo, kabla ya kitabu kwisha, huangamia, wakabaki mwanamume na mwanamke na tumaini dogo la kuanza upya.

Sasa natuyatazame maoni. Twaweza kuyagawa katika tabaka tatu, ijapokuwa tabaka hizo huingiliana.

Tabaka ya kwanza ni ya mshangao juu ya umbo. Watu waliozoea riwaya yenye kijiji, ukoo, ndoa na kifo waliuliza kama vitabu hivi ni riwaya hata kidogo. Swali hilo lilipata sura ya kitaalamu katika makala ya Mikhail Gromov ya mwaka 1998, ambayo anwani yake yenyewe inauliza kama Nagona na Mzingile ni riwaya, ngano, au mfano wenye mafundisho. Swali ni zuri, kwa maana linakiri kuwa huenda mlango wa kuingilia uko upande wa masimulizi ya kale na si upande wa riwaya ya Ulaya.

Tabaka ya pili ni ya kutafuta asili ya fikra. Kyallo Wadi Wamitila aliviandikia vitabu hivi viwili juu ya metafizikia ya Kezilahabi, na katika makala nyingine akafuatilia maudhui ya kifalsafa katika nathari yake yote. Said A. M. Khamis, katika makala ya mwaka 2003, alieleza kuvunjika kwa umbo, masimulizi ya mdomo, na uhalisia wa kimazingaombwe. Lakini makala yake yahusu Nagona peke yake. Katika tabaka hii majina ya Nietzsche na Heidegger hutajwa sana, pamoja na waandishi wa Amerika ya Kusini. Hapana shaka majina hayo yana mahali pake, kwa kuwa Kezilahabi aliwasoma wanafalsafa hao na hakuficha.

Tabaka ya tatu ni ya wale waliosema kuwa vitabu hivi havikuazima falsafa tu, bali vyenyewe ni falsafa iliyofikiriwa kwa Kiswahili. Alena Rettová alilitetea jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya falsafa katika lugha za Kiafrika. Benedetta Lanfranchi, mwaka 2012, alilichukua neno moja tu, kutatua, akaonyesha jinsi linavyobeba mzigo katika Nagona na Mzingile. Xavier Garnier naye, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya riwaya ya Kiswahili, alivipa nafasi katika historia nzima ya utanzu huo.

Msomaji akiziangalia kazi hizo ataona jambo moja. Ama Nagona huchukuliwa peke yake, ama viwili huchukuliwa kama kitu kimoja. Mara chache Mzingile husimamishwa kama kitabu cha pili, yaani kama jibu la mtu aliyekwisha kusema neno moja na sasa ana la kuongeza au la kukanusha. Kitabu cha kufuata kimefanywa kuwa kivuli cha kilichotangulia.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tofauti kubwa kati ya vitabu hivi haiko katika falsafa bali katika kazi aliyopewa shujaa. Katika Nagona msimuliaji ni mtafutaji. Katika Mzingile ni mjumbe. Mtafutaji ana deni kwa nafsi yake peke yake; akichoka aweza kurudi, na hakuna atakayemdai. Mjumbe ana deni kwa waliomtuma na kwa yule anayetumwa kwake. Tena ujumbe wake ni mzito kuliko jumbe zote, kwa kuwa ni habari ya msiba. Pwani ya ziwa, kama katika nchi yetu yote, mpeleka msiba hasimami njiani akapiga kelele akaondoka. Hubisha hodi, hukaa, huulizwa habari za atokako, na huchagua maneno, kwa maana anayeambiwa ni mzazi. Baada ya kusema haondoki mara moja. Aliyeleta habari hubaki na mfiwa.

Kwa mwanga huo Mzingile si kitabu cha giza kama kisemwavyo. Nietzsche, katika kitabu chake cha mwaka 1882, alimtuma mwendawazimu sokoni na taa mchana, awatangazie watu kuwa Mungu amekufa. Kezilahabi aliigeuza safari hiyo. Katika Mzingile mtu ndiye aendaye kwa Mungu kumwambia kuwa mwanawe amekufa. Tangazo la sokoni limekuwa hodi ya mlangoni. Dhihaka imekuwa rambirambi. Mhakiki anayeishia kusema kuwa hapa pana Nietzsche amesema kweli, lakini amesema nusu. Nusu iliyobaki yaweza kusemwa na bibi yeyote wa Namagondo ambaye hakupata kulisikia jina hilo, ila alipata kupeleka habari ya kifo kwa jirani.

Kakulu naye si mgeni katika masimulizi ya Maziwa Makuu. Katika lugha nyingi za Kibantu kiambishi ka- huonyesha udogo, na shina -kulu ukubwa au uzee. Basi jina lenyewe laweza kusikika kama fumbo la mdogo aliye mzee. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huzaliwa akitembea na kusema, kisha humfuata hata kuzimu baba yake aliyetaka kumwua. Sidai kuwa Kezilahabi aliunakili utenzi huo. Nasema kuwa msikilizaji wa masimulizi ya namna hiyo ana ufunguo mkononi: anajua kuwa mtoto wa ajabu huja kwa sababu baina ya baba na mwana pana jambo lililoharibika. Mzingile huchukua jambo hilo na kulipandisha juu mpaka kibandani kwa Muumba.

Kisiwa hicho hicho kimetupa mfano mwingine wa kitabu cha kufuata. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Akaja kuzitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nazo zikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 katika juzuu mbili, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Juzuu ya kwanza ni ya mume na mke wanaotafuta mtoto. Ya pili ni ya watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Humo cha pili hufuata cha kwanza kama mtoto amfuatavyo mzazi, na ukoo ndio kamba inayoviunganisha. Kwa Kezilahabi kamba hiyo imekatika: katika Mzingile mwana amekufa kabla ya baba, na habari hupanda kutoka chini kwenda juu. Baina ya Kitereza na Kezilahabi twaona jinsi kisiwa kimoja kilivyoulizwa swali lile lile la uzazi na kurithiana, kwanza kwa utulivu, kisha kwa hofu. Tukumbuke pia kuwa Mzingile kilitoka wakati nchi yenyewe ilikuwa ikibadili urithi wake: mwaka 1990 Mwalimu Nyerere aliacha uenyekiti wa chama, na Februari 1991 Azimio la Zanzibar liliilegeza miiko ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Kuna pingamizi ambalo haki yanidai nilieleze. Mtu aweza kusema kuwa ufasiri huu unakifanya kitabu kuwa chepesi kuliko kilivyo, na kuwa ugumu wake ni wa kukusudiwa. Neno mzingile lenyewe ni njia za kupindapinda zisizoonyesha mwisho. Mwandishi asiyetaka msomaji apotee hangelichagua jina hilo. Nakubali. Hata baada ya kujua kuwa shujaa ni mjumbe, kurasa nyingi hubaki na ukungu, na wapo wasomaji wenye akili na bidii ambao wamevifunga vitabu hivi bila kurudi. Lakini kupotea ndani ya nyumba ambayo mlango wake unaujua si sawa na kupotea nje gizani. La kwanza ni mchezo wa fikra. La pili ni kufukuzwa.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma katika historia ya maoni haya. Makala na vitabu nilivyovitaja juu ya Nagona na Mzingile, kuanzia Gromov hata Garnier, viliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Wamitila ameandika vitabu vya uhakiki kwa Kiswahili, nasi twamshukuru. Lakini maoni yake hayo mawili juu ya Kezilahabi yalikuwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Nansio au wa Mwanza aliyeshindwa na Mzingile, akienda kutafuta msaada, huupata msaada huo katika lugha nyingine, nao humwelekeza kwa wanafalsafa walioandika katika lugha ya tatu. Kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake kimefungwa mara mbili: mara moja kwa ugumu wake, na mara ya pili kwa maelezo yake. Tukisema kuwa Kezilahabi alimwacha mtu wa kawaida mwaka 1990, yatupasa tujiulize pia kama sisi wahakiki tuliinua hata hatua moja kumfuata mtu huyo.

Waandishi wamefanya vizuri kuliko wahakiki. Njia iliyofunguliwa na vitabu hivi viwili imepitiwa na wengine: Katama Mkangi kwa Walenisi (1995), Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka (2001), na Wamitila kwa Bina-Adamu! (2002). Msomaji ataona kuwa wawili kati ya hao watatu ni wahakiki niliokwisha kuwataja, kwa maana Said A. M. Khamis na Said Ahmed Mohamed ni mtu mmoja. Walipohakiki waliandika kwa Kiingereza. Walipotunga walirudi kwa Kiswahili, wakamjibu Kezilahabi kwa hadithi. Huenda hayo ndiyo maoni ya kweli kuliko yote waliyoyatoa juu yake.

Basi yafaa Mzingile kisomeshwe baada ya Nagona na kwa ajili ya tofauti yake na Nagona. Mwanafunzi aulizwe kwanza: nani kamtuma huyu, kwa nani, na kwa habari gani? Aulizwe jinsi habari ya msiba inavyopelekwa kwao. Aulizwe mtoto wa ajabu wa ngano alizozisikia alizaliwa vipi na kwa nini. Akishajibu kwa lugha yake, ndipo aonyeshwe Nietzsche, naye atamwona kuwa mgeni aliyekuja kuketi barazani na si mwenye nyumba. Kazi hiyo yataka walimu walio tayari kuandika kwa Kiswahili maelezo ya vitabu vigumu vya Kiswahili, na majarida yaliyo tayari kuyachapisha. Habari ilikwisha kutumwa mwaka 1991. Kilichobaki ni sisi kuifikisha.